Maziwa Yasiyo na Mlango: Mazungumzo ya Tukuyu kuhusu Masoko, Ngosi na Matema

Mazungumzo haya yalitolewa Tukuyu, mkoani Mbeya, mbele ya vijana wanaoongoza wageni, walimu na wenyeviti wa vijiji. Yamepunguzwa kidogo ili yasomeke.

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, walimu wenzangu, mama zangu, baba zangu, nanyi vijana: mugonile.

Ndaga fijo kwa kunialika. Nimeombwa niseme juu ya maziwa yetu kama mahali pa matembezi na mapumziko. Nitasema, ila nawatahadharisha mapema: nimefundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia ukimtajia ziwa lazima akuulize maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Naomba nianzie hapo hapo, kwa kuwa karibu kila nililo nalo leo linatokana na swali hilo.

Chukueni Ziwa Masoko, ambalo wengine mnaliita Kisiba. Unatoka hapa mjini, unateremka kwa barabara ya Ipinda, unalikuta limelala chini ya miti, duara karibu kamili. Upana wake ni kama mita 700. Kina chake ni kati ya mita 36 na 38. Hakuna mto unaoingia wala mto unaotoka. Maji yake ni ya mvua na ya chemchemi za chini ya ardhi, basi. Ziwa Ngosi nalo, pamoja na ukubwa wake wote, halina mto unaotoka. Na hayo mengine madogo, Ikapu, Itamba, Ilamba, Kyungululu, Itende, Katubwi, ni ndugu wa tumbo moja na Masoko. Linganisheni na Ziwa Nyasa pale Matema: Nyasa lina mlango. Kusini kabisa, huko Malawi, Mto Shire unayachukua maji yake na kuyapeleka Zambezi, na Zambezi inayapeleka baharini. Masoko halina mlango. Kilichoingia humo kimeingia.

Hilo mliweke akilini. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Sasa lilitokeaje? Watoto wa shule wanapenda kusikia kwamba mlima ulipasuka, nami siwakatalii, ila haikuwa mlima. Mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini ukakutana na maji yaliyojaa ardhini. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, ardhi ikarushwa juu, likabaki shimo, shimo likajaa maji. Wataalamu waliotoboa tope la chini ya Masoko wakalitoa kwa mirija walikuta tabaka juu ya tabaka, kumbukumbu ya mvua, ukame na majivu ya milima kwa zaidi ya miaka 40,000. Tope hilo limehifadhika vizuri hivyo kwa sababu hakuna mto wa kulisomba.

Ngosi ni habari nyingine. Ngosi ni mlima uliojimwaga. Ulitapika mawe mepesi na majivu mengi mno, tumbo likabaki tupu, kilele kikadidimia ndani. Ndiyo maana ukifika ukingoni unaona kuta zimesimama pande zote na ziwa liko chini sana, kijani, lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Vijana mnawaambia wageni kwamba lina umbo la ramani ya Afrika. Sawa. Ukisimama pazuri, na ukiwa mzalendo, utaliona.

Kwa nini nasumbuka na hadithi ya kuzaliwa kwa maziwa mbele ya watu waliokuja kusikia habari za utalii? Kwa sababu namna ziwa lilivyozaliwa ndiyo inayokuambia utaogeleaje. Ziwa lililochimbwa na mlipuko halina ufukwe. Ukingo unashuka kwa mkupuo. Mtoto anaingia maji yako kifundoni, hatua inayofuata yako magotini, ya tatu hakuna ardhi. Kule Matema mchanga unakuruhusu utembee ndani taratibu mpaka maji yafike kifuani. Masoko halikupi nafasi hiyo. Watu wanasema ziwa linavuta. Wazee wetu walisema lina wenyewe, na mimi siwadharau wazee, kwani hofu hiyo imeokoa watoto wengi kuliko mabango yote tuliyowahi kuyasimamisha. Lakini mgeni kutoka Dar es Salaam hana hofu hiyo. Anaona maji matulivu, anavua shati. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na huyo hajayafika.

Kwa hiyo kabla hatujasema habari za mitumbwi ya kukodisha na picha za mtandaoni, tuseme habari za kamba na dumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kwa ajili ya jambo hili. Si mafuriko na meli peke yake. Wengi ni watu waliokuwa karibu na nyumbani, kwenye bwawa, mto au kisima walichokizoea.

Na aghalabu anayekufa si mmoja. Wa kwanza anateleza, wa pili anamrukia kumwokoa, mwenye kuzama anamkumbatia shingoni, wote wawili wanakwenda. Huo ndio mtindo. Hivyo kanuni ya kwanza ambayo kila mwongoza wageni aijue kama jina lake: usimfuate majini. Lala kifudifudi ukingoni, mpe fimbo ndefu, mpe tawi, mpe khanga iliyofungwa fundo. Kama yuko mbali, mtupie kitu kinachoelea. Na kitu kinachoelea tunacho kila nyumba. Dumu la lita 20, tupu, kizibo kimekazwa, linamshikilia mtu mzima juu ya maji bila shida yoyote, mradi alikumbatie. Lifunge kamba ya manila yenye urefu wa kutosha, weka maji kidogo ndani, kikombe kimoja au viwili, ili lisipeperuke unapolirusha. Likae pale pale ziwani, limetundikwa mtini, na lisiguswe kwa kazi nyingine. Najua mnachowaza: litaibiwa. Basi liandikwe kwa rangi pande zote kwamba ni la ziwani, ila lisitobolewe, maana dumu lenye tundu huingiza maji. Mwizi wa dumu anatafuta dumu lisilojulikana.

Mwenye mtumbwi wa kubeba wageni, yeye hana mjadala: kila abiria avae jaketi okozi, alivae mwilini na kulifunga, lisikaliwe kama mto. Mzungu atalivaa bila kuambiwa. Kazi iko kwetu wenyewe, hasa wanaume wa makamo.

Niendelee na yaliyomo ndani ya maji, maana hapo ndipo penye utajiri hasa.

Kila mtu hapa amesikia habari za rupia za Wajerumani. Masoko palikuwa na kambi yao, na lile jengo kubwa la mawe waliloliacha, lililokuja kuwa mahakama, bado linasimulia. Waingereza nao baadaye wakaweka askari wao wa KAR, jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, mahali pale pale. Inasemwa kwamba Wajerumani walipoona wanazidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha na silaha ziwani zisichukuliwe na adui. Na kweli sarafu zimeokotwa; kuna watu hapa wamewahi kuuziwa moja ukingoni. Ni heller za shaba na rupia za fedha, za koloni la Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Tatizo ni dhahabu. Kila mwaka anatokea mtu anayeamini kwamba chini kuna masanduku ya dhahabu. Hebu tufanye hesabu kidogo. Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, mjini Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari. Mwaka huo huo wa 1916, mwishoni mwa Mei, majeshi ya Jenerali Northey yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia yaliingia hapa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Sasa dhahabu hiyo itoke Tabora, ivuke nchi iliyo katikati ya vita, ifike Masoko kabla ya Mei, ndipo itupwe majini? Siwezi kusema haiwezekani. Nasema mimi nisingekopa benki kwa ajili yake. Na kijana yeyote anayeombwa na mgeni apige mbizi kutafuta sarafu kwa ujira, akatae. Mita 30 bila vifaa ni kaburi.

Hazina ya kweli ya Masoko inaogelea. Nawaomba vijana wanaoongoza wageni wanisikilize hapa, kwa kuwa nimesikia mkiwasimulia wageni habari za Wajerumani kwa nusu saa na samaki mkawapa dakika moja.

Ndani ya Masoko kuna samaki mdogo wa jamaa ya perege. Wanasayansi wanamwita Astatotilapia calliptera, naye yuko pia katika Ziwa Nyasa na mito yake. Wazazi wake waliingia Masoko zamani, hakuna ajuaye kwa njia gani kwa hakika. Wakabaki. Hakuna mlango wa kutokea, mmeona? Wakaanza kugawana ziwa. Baadhi wakakaa juu, kando kando, kwenye mwanga na mimea, maji yasiyozidi mita tano. Madume yao wana rangi ya manjano. Wengine wakashuka chini, mita 20 hadi 30, kwenye giza na hewa kidogo. Madume yao wana rangi ya buluu nzito. Wana taya tofauti, chakula tofauti, na majike huanza kubagua madume. Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti wa kinasaba juu ya samaki hao, ukaonyesha kwamba wa juu na wa chini wanaelekea kuwa aina mbili, na kwamba mgawanyiko wenyewe umetokea katika miaka isiyozidi elfu moja hivi. Miaka elfu, ndugu zangu. Kwa historia ya viumbe hiyo ni jana jioni. Wataalamu wa Cambridge na vyuo vingine wanakuja kutazama kitu kinachotendeka kwenye ziwa ambalo ukitembea kulizunguka kwa mwendo wa pole humalizi saa moja.

Na hao wa manjano unawaona kwa macho! Asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi, upepo haujaanza, kaa kimya ukingoni palipo na mawe. Usitupe kitu. Baada ya muda dume litajitokeza kulinda eneo lake na kuwafukuza wenzake. Ukiwa na miwani ya kuogelea ya bei ndogo, unalala juu ya jiwe, unatumbukiza uso tu, na unaona ziwa zima limefunguka. Mwili unabaki nchi kavu. Huu ni utalii unaofaa watoto wa shule, hauhitaji mtumbwi, na haumzamishi mtu. Mwalimu anayetaka kufundisha mada ya mabadiliko ya viumbe ana kitabu chake hapo, kilomita chache tu kutoka darasani.

Sasa fikirini mtu akija na ndoo ya vifaranga vya sato kutoka bwawani kwake, kwa nia njema kabisa, akamwaga. Ziwa Victoria sangara waliletwa miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi sana wakatoweka ndani ya kizazi kimoja. Victoria ni kubwa kama nchi. Masoko je? Pale Kyungululu kuna perege ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Jina lake la kitaalamu limetokana na ziwa lenyewe, Oreochromis chungruruensis, lilivyoandikwa na Wajerumani, na amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndoo moja inatosha. Anayefuga samaki na afuge, bwawa la kuchimba ni kitu kizuri, nalo pia linaweza kupokea watu wa kuvua kwa ndoana siku za mapumziko wakalipa kwa kilo. Ila samaki wa bwawa abaki bwawani. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, samaki wengi si ni neema?" Nikamjibu kwamba aliyeongeza mgeni mmoja mwenye njaa kwenye nyumba isiyo na mlango hajaongeza neema.

Sabuni nayo ni hivyo hivyo. Mtu akifulia Mto Kiwira, maji yanakwenda, ingawa wa chini yake hawafurahi. Akifulia Masoko, povu lake atalikuta wiki ijayo. Chupa ya plastiki, kifuko cha karanga, nepi ya mtoto: hakuna mvua itakayoviondoa. Wenyeviti, hapa nawageukia ninyi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni fupi kuliko uwanja wa mpira. Choo cha wageni kikae nyuma ya mstari huo, na mahindi, na kibanda cha kuuzia soda, na mahali pa kuegesha Noah na Coaster. Najua kibanda kilicho majini kabisa kinapiga picha nzuri. Kinapiga picha nzuri kwa miaka mitatu.

Nigusie Ngosi, kwani ndiko wengi wanakoanzia.

Unaiacha lami ya Uyole na Tukuyu, unapanda kwa bodaboda au gari lenye nguvu mpaka msitu unapoanza, kisha ni miguu. Msitu uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio kinalipwa, risiti inatolewa, na mwongozaji mwenyeji anachukuliwa pale pale. Njia inapita kwenye mianzi, migomba pori na miti mikubwa iliyovaa kuvu la kijani. Kwa mtu mwenye pumzi ni mwendo wa saa moja na kitu. Mwisho wake ni mkali, unashika mizizi kwa mikono. Ukingo wa juu kabisa uko zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Kyela kwenye joto na kandambili zake atajuta. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Kati ya Novemba na Mei, mnaijua mvua ya Rungwe. Haihitaji kuelezwa na mwalimu. Utapanda kwenye tope na ukifika juu utaona ukungu mweupe, na mgeni atataka kurudishiwa pesa.

Kwenye maji ya Ngosi sishauri kushuka. Iko njia, na wako wanaoshuka, hasa wanaoyafuata maji kwa ajili ya tiba. Wenyeji wanasimulia kwamba mna nyoka mkubwa, na kila mmoja atamweleza kivyake. Mimi sababu yangu ni nyepesi: mtu akivunjika mguu chini, mtampandishaje? Bila machela, bila kamba, bila simu yenye mtandao. Kutazama kutoka juu kunatosha. Kunatosha kabisa, na ndiko kunakokaa kwenye kumbukumbu.

Liko na suala la gesi, ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona. Mwaka 1986 Ziwa Nyos huko Kameruni lilitoa gesi ya kabonidayoksaidi usiku mmoja ikaua watu wapatao 1,700. Nalo ni ziwa la volkeno kama haya yetu, kwa hiyo swali ni la haki. Wataalamu waliopima maji ya Ngosi walikuta yanachanganyika kutoka juu hadi chini, hayana tabaka la chini lililofungwa ambamo gesi ingejirundika kama ilivyokuwa Nyos. Hilo ni jambo la kutuliza moyo. Lakini gesi hiyo ipo kwenye ardhi yetu, Busokelo mnajua, inavunwa na kusafirishwa kwenda kutiwa kwenye soda. Mahali inapotoka yenyewe huwa ni shimo au kibonde, nayo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Mkiona ndege, panya au wadudu wamekufa kwenye kibonde bila sababu, ondokeni, na msiiname kuwaokota. Hakuna harufu ya kuwaonya. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu huku mtoto au mbwa aliye chini anaanguka.

Matema nitapita haraka, si kwa sababu ni padogo, ila kwa kuwa panajitangaza penyewe. Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja kwenye Ziwa Nyasa, mchanga ni safi, na Jumamosi soko la Lyulilo linajaa vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nendeni mnunue chungu, mle mbasa na wali wa Kyela. Muulize tu muuzaji mbasa huyo kavuliwa ziwani au mdomoni mwa mto, maana samaki huyu hupanda mito, Kiwira ukiwemo, kutaga mayai, na anayemkinga njiani kwa nyavu anakula mbegu.

Kwa kuogelea Matema nawapa tahadhari tatu. Karibu na Mto Lufilyo unapoingia ziwani kuna mamba na viboko; ogeleeni mbali na hapo, mahali wenyeji wanapoogelea. Upepo wa kusi, kuanzia katikati ya mwaka, unainua mawimbi ambayo mtumbwi wa gogo moja hauyawezi. Mvuvi akisema leo hapana, ni hapana, hata kama umeshalipa. Na kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Maji ya wazi yenye mawimbi na mchanga nayo si salama kabisa, ila vibwawa vyenye magugu ndivyo vya kuepuka zaidi. Aliyeoga mahali pa mashaka apime baadaye, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Aidha, wenyeji tusikojoe ziwani. Mzunguko wa ugonjwa huo unaanzia kwetu, si kwa konokono.

Mtaona sikutaja kiingilio wala asilimia ya kijiji. Hayo yataulizwa, na naona mikono imeanza kunyanyuka. Ila nina neno moja juu ya nani anayetembea. Tunazungumzia utalii kana kwamba mtalii lazima ashuke kwenye ndege. Siku za Pasaka na Idi vijana wa Mbeya mjini wanajaza Coaster kuja Ngosi. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu hapa Rungwe na Busokelo wamefika? Shule iliyo kilomita tano kutoka ziwani inapeleka watoto Mikumi kwa michango ya wazazi, na watoto hao hao hawajawahi kuona samaki wa manjano wa Masoko. Mikumi ni pazuri, simba ni simba. Lakini safari ya Masoko inagharimu nauli ya daladala, ndizi za kuchemsha na parachichi. Mtoto aliyewahi kulala juu ya jiwe akamtazama samaki yule hatamwaga ndoo ya vifaranga humo akiwa mkubwa, wala hatahitaji kusomewa kifungu cha mita 60.

Sasa maswali.

(Mama mmoja kutoka Busokelo aliuliza kama ni haki kuwazuia wanawake kufulia ziwani ilhali kijiji hakina bomba, huku wageni wakiruhusiwa kuoga na mafuta yao ya kujipaka.)

Asante sana, mama. Si haki. Ukimzuia mama kufua lazima umpe mahali pa kufulia. Sehemu ya kiingilio cha kwanza kabisa, kabla ya bango, kabla ya kibanda, ijenge karo ya kufulia nyuma ya zile mita 60, maji yapandishwe kwa pampu au kwa ndoo, na yaliyotumika yazame shimoni kwenye mchanga. Na mgeni naye aoge kwa maji matupu. Akiwa amejipaka mafuta ya jua, aishie kutazama samaki akiwa nchi kavu. Mwenyekiti, andika hiyo kwenye muhtasari, tafadhali, kabla ya swali la pili.